Waya Mweusi wa Injini ya Aabo

Majuzi nilikuwa Ijara kikazi, nimesimama kando ya kisima cha kunyweshea ng'ombe, wakati fundi aliyekuwa akifunga pampu ya sola alipochomoa waya mweusi kutoka kwenye fungu la nyaya na kuuinua juu. "Daktari," aliniita kwa utani, maana huko kila anayechanja mifugo ni daktari, "huu wa ardhi walikuwa wameufunga wapi?" Wachungaji wakacheka. Mimi nilihisi uso ukinichoma, kama mtu aliyetajwa jina mbele ya wazee ajibu shtaka. Jenereta ilikuwa imezimwa muda si mrefu, na harufu yake ya petroli ilikuwa ikichanganyika na ya matope yaliyokanyagwa na ng'ombe. Harufu hizo mbili zikikutana mimi huwa sina nguvu. Nilisingizia kwamba napigiwa simu, nikaenda nyuma ya gari, nikakaa huko.

Mlio rika langu mkakulia Garissa mnaujua mto unapofura. Maji yanageuka rangi ya chai ya maziwa, barabara ya kwenda Madogo inamezwa, malori yanasimama ng'ambo na sisi tunabaki mjini kama watu wa kisiwani. Nyanya zinakosekana sokoni, shule zinachelewa kufunguliwa, na anayetaka kuvuka anavuka kwa mashua. Baba yangu, Aabo kwa Kisomali chetu, alikuwa na mashua. Wakati wa kiangazi alikuwa dereva wa lori la maji, lakini mvua zikishika aliitoa mashua uani kwetu Galbet, akaipeleka mtoni, na tangu hapo sisi tukamjua kwa viatu vyake tu, vilivyokuwa mlangoni tunapolala na visivyokuwepo tunapoamka.

Injini ya mashua ile alikuwa ameinunua kwa mtu wa pwani. Haikuwa mpya, lakini ilikuwa ya kisasa. Haikuwa na kabureta. Pampu ya umeme ndiyo iliyosukuma mafuta, na kisanduku cheusi kilichofungwa ubavuni, ambacho mafundi wote walikiita kompyuta, ndicho kilichoamua yarushwe kiasi gani ndani ya injini. Aabo aliipenda kwa sababu iliwaka kwa mguso mmoja. Alikuwa akisema injini za zamani zinabembelezwa kama ngamia mwenye kinyongo, lakini hii inasikia.

Msimu mmoja haikusikia. Sikuwepo, niliyoyajua niliyajua kwa kusikiliza mazungumzo ya watu wazima, na mengi niliyaelewa vibaya. Jirani yetu, Eeddo Dahabo, ambaye tulimwita shangazi kwa ajili ya ujirani tu, alikuwa na binti aliyeolewa ng'ambo, Madogo. Jina lake Habiba. Alfajiri moja uchungu wa uzazi ulimshika, na hospitali iko upande wetu. Mumewe alimpigia Aabo simu, Aabo akavuka kumchukua. Wakiwa katikati, pale mkondo unapokimbia, injini ikanyamaza. Haikukohoa wala kutetemeka, ilinyamaza tu. Aabo alijaribu kuiwasha, ikawaka kidogo, ikanyamaza tena. Mto ukawachukua, ukawapitisha mji wote, ukaenda kuwanasisha kwenye kichaka cha mathenge kilichozama. Walikaa humo mpaka jua likawa kali ndipo mashua nyingine ikawafikia. Habiba alipona. Mtoto, wa kiume, hakulia.

"Mtoto wa Habiba amerudi kwa Mola wake," Hooyo, mama yangu, aliniambia jioni ile, akiwa amenipa mgongo, akipepeta mchele. Nilikuwa darasa la nne. Nilifikiri kwa kuwa mtoto huyo hakuwa amefika bado, basi kurudi kwake hakukuwa safari ndefu. Nikaenda kucheza.

Siku zilizofuata Aabo alimkodi mtu mwenye mkokoteni wa punda, akaileta injini nyumbani. Aliifunga kwenye mbao mbili alizozisimamisha karibu na tangi la maji, akaivua kifuniko, akavuta kigoda. Akakaa. Wazee wa msikitini walikuja kumpa pole, wakamwambia, "Gedi, hii ni qadar ya Mungu," naye akajibu, "Naam, alhamdulillahi," akawapa chai, akawasindikiza hadi langoni, kisha akarudi kwenye kigoda chake. Mashua yenyewe aliiacha imefungwa kwenye mti mtoni.

Kwangu mimi ilikuwa sikukuu. Lazima niliseme hili waziwazi, kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko yote. Baba yangu alikuwa nyumbani. Alikuwa hapo asubuhi nikiamka, alikuwa hapo mchana, na shule ilikuwa imefungwa. Kaka zangu walikuwa wakubwa, wako na ngamia kwa ami yetu. Kwa hiyo nilikuwa naye peke yangu. Nilivuta dumu la mafuta tupu, nikalikalia kando yake, nikamuuliza anatafuta nini.

Alinionyesha waya. Ulikuwa mweusi, mwembamba kama utambi wa taa, umetoka kwenye fungu kubwa la nyaya lililozungushiwa utepe, ukaning'inia hewani. Mwishoni ulikuwa na kichwa cha bati chenye tundu la kupitisha skrubu. Haukuwa umefungwa mahali popote.

"Huu ni waya wa ardhi, aabo," alisema. Kwetu baba humwita mwanawe aabo, kama vile mwana anavyomwita yeye. Mama naye huwaita watoto hooyo. Neno "ardhi" alilisema kwa Kiswahili, maana ni neno la mafundi.

Nilitazama chini, kwenye mchanga, kisha nikaitazama injini. "Lakini mashua inakaa majini. Ardhi itaipata wapi?"

Akacheka. Hooyo, aliyekuwa jikoni, alichungulia mlangoni kusikia kicheko hicho, akarudi ndani.

"Si ardhi hii ya kulimwa," alisema Aabo. "Umeme unatoka kwenye betri, unafanya kazi, halafu lazima upate njia ya kurudi. Njia hiyo ni chuma cha injini yenyewe. Waya wa ardhi unafungwa kwenye chuma. Huu ulifunguka, au ulifunguliwa, sijui. Nimeuona tangu siku niliyoinunua injini. Niliukunja nikauweka nyuma kwa sababu injini ilikuwa inawaka."

Aliniambia yote hayo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayefundisha hesabu, na mimi nikayasikia kama hesabu.

Alimpigia simu fundi mmoja wa pwani, akaiweka sauti juu ili na mimi nisikie. "Fundi, bamb ya mafuta iko sawa," alisema kwa Kiswahili chake, ambacho p haikuwahi kukaa ndani yake. "Hii waya nyeusi ndio mimi sijui inaenda wabi."

"Mweusi ni wa ardhi, mzee wangu," fundi alijibu. "Lakini injini hizo zimepita mikono mingi. Huenda mwenyewe wa kwanza alifunga taa au redio, akaitoa, waya ukabaki. Kama ni hivyo hauna maana yoyote, ukate uutupe. Au huenda ndio ardhi ya kompyuta na pampu. Hapo sasa ni habari nyingine."

"Habari gani?"

"Hapo injini inategemea ile ardhi ya pili peke yake, ile ndogo ya chini. Siku inashika, siku haishiki. Ikipata maji au mtikisiko inaweza kuzima. Mimi niko mbali, siwezi kuapa."

"Nitajuaje?"

"Ufuate. Funua utepe uone unaanzia wapi, halafu utafute pale ulipokuwa umefungwa. Au bwana, ufunge tu popote penye chuma kitupu, uendelee na kazi zako."

"Hapana," alisema Aabo. "Nataka kujua ilikuwa wabi."

Alipokata simu nilimwambia, mimi msomi wa darasa la nne, "Aabo, si bamb. Ni pampu." Akajaribu. "Bambu," akasema. Nilicheka mpaka nikalala kwenye mchanga, naye akaniacha nicheke.

Sasa ninaelewa alichokuwa anatafuta. Kama waya ule ulikuwa wa redio ya mtu, basi lililotokea mtoni lilikuwa la Mungu, na wazee waliosema qadar walikuwa wamesema kweli kwa maana aliyoweza kuishi nayo. Kama ulikuwa wa kompyuta, basi yeye alikuwa ameushika kwa mkono wake, akaukunja, akauficha. Alikuwa anajichunguza. Mimi nilidhani tunacheza mchezo wa kutafuta kitu kilichofichwa, na kwamba baba yangu amegundua mimi ni mwenzake mzuri.

Tulifunua utepe. Kazi yangu ilikuwa kukusanya vipande vyake vyenye gundi na kuvibandika kwenye ukuta wa tangi. Waya uliingia ndani ya fungu, ukapita chini ya nyingine, ukazama kwenye kifundo cha plastiki pamoja na weusi wenzake, na humo hapakuonekana tena upi ni upi. Aabo alitengeneza taa ya kujaribia, balbu ndogo na betri ya pikipiki. Alipougusa waya wetu balbu iliwaka. Alipougusa mweusi mwingine, ikawaka. Kila mweusi uliiwasha, maana zote hatimaye zinakutana kwenye chuma kimoja. Mimi nilishangilia kila ilipowaka. Yeye aliiweka chini akajifuta uso kwa kanzu.

Kwa hiyo likabaki jambo moja: kulipata tundu. Kama injini ilitoka kiwandani na waya ule, lazima kungekuwa na mahali pake, skrubu yake, alama yake. Aabo alitafuta kila alipoweza kufika. Alisugua chumvi na matope kwa mswaki wa zamani. Tulikuwa tunakula chakula cha mchana tukiitazama injini. Baada ya swala ya adhuhuri alikuwa akiendelea kuinua viganja kwa muda mrefu, midomo inacheza, nami pembeni yake niliinua vyangu na kuomba, kwa dhati ya moyo, kwamba tundu lisipatikane. Nilitaka tutafute mpaka nimalize shule.

Hooyo hakufurahia ukaribu wetu. "Hodan, mwache baba yako," aliniambia zaidi ya mara moja. "Njoo unisaidie huku." Nikafikiri anaona wivu.

Ng'ambo ya ua wa mabati, kwa Eeddo Dahabo, Habiba alikuwa amelala akiuguzwa, kama wanawake waliozaa wanavyokaa kwa mama zao. Tulisikia kinu chao kikitwangwa, tulisikia redio, tulisikia wageni. Sauti yake yeye hatukuisikia. Hooyo alipeleka maziwa na supu kila siku, na mabakuli yalirudi yameoshwa. Hawakuwa na neno na sisi. Eeddo Dahabo mwenyewe alikuja siku moja akasimama langoni akamwambia Aabo, "Usijiumize, Gedi. Lililoandikwa limeandikwa. Sisi tumekubali."

Siku nyingine nilikuwa ninatoa skrubu iliyoanguka. Nyuma ya kompyuta kulikuwa na mwanya ambao mkono wa Aabo haukupita, na kila kitu kilichoanguka humo kilikuwa changu. Ilikuwa baada ya alasiri, jua limeshuka kwenye mabati. Niliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, nikapapasa, na kidole kikagusa kitundu. Ndani yake kulikuwa na michirizi ya skrubu. Kukizunguka, chuma chote kilikuwa kinakwaruza kwa rangi na chumvi, lakini ukingoni mwa tundu lenyewe palikuwa laini, duara laini kama ukucha.

"Aabo, kuna mahali palipo laini."

"Laini vipi?"

"Kama pete."

Aliniambia nisiutoe mkono. Alimwita Hooyo amletee kioo chake kidogo cha wanja. Alikiingiza kwa pembeni, akamulika kwa simu, akatazama kwa muda mrefu. Duara lilikuwa jeupe, halikupakwa rangi tangu kiwandani. Kisha alinipa kichwa cha ule waya, nikakivuta hadi pale, kikakaa juu ya tundu bila kunyooshwa wala kulegea. Urefu wake ulikuwa wa pale na si mahali pengine.

Maombi yangu yote niliyasahau. "Nimelipata!" nilipiga kelele. "Aabo, nimelipata! Hooyo, mimi ndiye niliyelipata!" Nilizunguka tangi nikirukaruka. Na kwa kuwa furaha ile ilikuwa kubwa kuliko uwanja wetu, nilipanda juu ya dumu, nikashika ukingo wa mabati, nikapaza sauti upande wa pili: "Eeddo Dahabo! Habiba! Tumejua! Ni waya tu! Ulikuwa haujafungwa!"

Kinu kilinyamaza.

Nyuma yangu Hooyo alisema polepole, "Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raaji'uun." Niligeuka. Nilikuwa nikijua maneno hayo ni ya msiba, nikashangaa mtu anayasema vipi wakati kitu kimepatikana.

Aabo alitafuta skrubu inayolingana, akanielekeza niiingize, akaikaza kwa spana ndefu. Alivuta pipa la maji chini ya injini, akaunganisha betri, akaiwasha. Iliwaka. Akaitikisa kwa mikono miwili, kwa nguvu, kama mkondo unavyotikisa; ikaendelea kunguruma. Akaizima, akafungua waya, akawasha tena. Ikawaka vilevile, vizuri tu. Akaitikisa. Ikanyamaza. Haikukohoa wala kutetemeka. Nikapiga makofi. Aliufunga waya upya, akajaribu, akaufungua, akajaribu, kana kwamba anaiuliza injini swali lilelile akitumaini ibadilishe jibu. Mwishowe akaketi mchangani, mikono kichwani, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani anacheka.

"Aabo, tumeshinda," nilimwambia, nikamwegemea.

"Ndiyo, aabo," alisema. "Umefanya kazi nzuri."

Alinawa mikono kwa sabuni na mchanga mpaka akaridhika, akabadilisha shati, akatoka. Nilimfuata bila kuitwa, naye alipohisi niko nyuma akanishika mkono. Tulizunguka hadi lango la Eeddo Dahabo. Habiba alikuwa ameketi kwenye mkeka kivulini, amejifunika shuka, mgongo ukutani. Nilikuwa sijamwona tangu kabla ya mafuriko. Alikuwa na umri wa dada mkubwa, siku hizo nilimwona mtu mzima kabisa.

"Umesikia, Habiba," alisema Aabo.

"Nimesikia, adeer," alijibu, kwa neno letu la kumwita ami.

"Waya niliuona zamani. Ningeufunga... Niliukunja nikauweka nyuma. Mtoto hana kosa, alikuwa anafurahi tu. Nimekuja kulisema mimi mwenyewe."

Eeddo Dahabo aliinuka kutoka kwenye kinu, mchi bado mkononi. Sijawahi kumsikia akipaza sauti kabla ya siku hiyo. "Nenda nyumbani, Gedi! Nani alikuuliza? Sisi tulikuwa tumekubali! Tulikuwa tumemkabidhi Mungu, tunalala usiku. Sasa unataka tumpe nani?"

Habiba alinitazama mimi. Hakunitazama kwa chuki. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Tulirudi nyumbani, na jioni ile bakuli letu lilirudishwa likiwa na maziwa ndani.

Tangu hapo Aabo hakukaa tena kwenye kigoda. Alikaa ndani. Nilipoingia alinisogezea nafasi, akanishika kichwa, lakini hakuwa na la kunionyesha. Nikafikia uamuzi kwamba amenikasirikia kwa kuumaliza mchezo mapema, na ni kweli niliumaliza mimi. Kwa hiyo nikaenda kuurekebisha. Nilichukua ile spana ndefu, nikapenyeza mkono wangu nyuma ya kompyuta, nikafungua skrubu, nikaunasua waya ukaning'inia kama zamani. Kisha nikamwita.

Alisimama mbele ya injini.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi."

"Kwa nini, aabo?"

"Ili tutafute tena."

Nilisubiri kofi, ingawa hakuwahi kunipiga. Badala yake alipiga magoti, akanikumbatia, akanishikilia kwa nguvu hata vifungo vya shati lake vikaniumiza shavu. Alinuka petroli. Tukaufunga waya pamoja, na tangu siku hiyo spana zote zilikaa chini ya kitanda chake.

Maji yalikuwa bado hayajashuka Habiba alipomaliza arubaini yake. Asubuhi moja alisimama langoni kwetu na kifurushi cha nguo, amevaa jilbabu ya safari.

"Adeer Gedi, nivushe."

Aabo aliinuka. "Kuna mashua ya kina Abdi. Nitampigia akusubiri."

"Najua iko. Nimekuja kwako."

"Siwezi, Habiba."

"Watoto wangu wawili wako ng'ambo." Alikaa chini palepale, kwenye dumu langu, akaweka kifurushi magotini. "Nitangoja."

Kutoka ng'ambo ya ua mama yake alikuwa anamwita kwa jina, mara kwa ukali mara kwa kubembeleza. Hakuinuka. Aabo aliingia ndani, akatoka, akaingia tena. Hooyo ndiye aliyeenda kumtafuta mtu wa mkokoteni. Injini ilipopakiwa, Habiba alisema, "Na Hodan aje."

Mtoni alipanda mwenyewe, akakaa karibu na injini ambako hakuna abiria anayependa kukaa kwa ajili ya moshi. Mimi nilikaa mbele yake. Aabo aliwasha, akaielekeza mashua juu kidogo ya mkondo, midomo yake ikisoma. Tulipofika katikati, maji yalipoanza kuigonga mashua ubavuni na kila kitu kutikisika, aliushika mpini kwa mikono yote miwili. Injini ilinguruma tu.

"Wewe ndiye uliyelipata lile tundu?" Habiba aliniuliza kwa sauti kubwa, ili nisikie.

"Ndiyo."

"Nionyeshe."

Kifuniko kilikuwa kimefungwa, kwa hiyo nilimwonyesha kwa kidole nje yake: hapa, kwa nyuma. Aliweka kiganja chake pale, juu ya kifuniko kilichokuwa kinatetemeka, na hakukiondoa mpaka tulipofika. Hapo ndipo kitu kikaniingia. Sikuwa na maneno yake, lakini nilielewa kwamba kile nilichokipata hakikuwa changu kukishangilia. Nilianza kulia, na kwa kuwa maji yalikuwa yanarushwa usoni hakuna aliyejua.

Mumewe alikuwa anangoja kwenye matope, ameshika mkono mtoto mmoja na mwingine mgongoni. Alimsalimu Aabo kwa kichwa. Habiba alishuka, akampa kifurushi, kisha akageuka.

"Adeer," alisema, "sijakusamehe. Nilitaka tu kufika kwa watoto wangu, na nilitaka ujue inawezekana kufika."

"Najua," alisema Aabo.

Alivusha watu mpaka msimu ukaisha, kwa sababu walimhitaji, na kila asubuhi kabla ya kuondoka alivua kifuniko na kuniita nipapase kama waya umekaza. Msimu uliofuata mashua haikutoka uani. Ilikaa hapo ikipasuka kwa jua mpaka Hooyo akaanza kuzikata mbao zake kwa kuni. Habiba alizaa tena, wasichana wawili. Tukikutana sokoni tunashikana mikono, tunaulizana habari za wazee. Eeddo Dahabo alifariki akiwa amekwisha kuzoeana tena na Hooyo, ingawa kwa Aabo alikuwa akijibu salamu tu.

Mimi nilikua nikibeba sauti ile ya juu ya mabati. Wenzangu wanapokumbushana mafuriko ya utotoni, jinsi tulivyoogelea barabarani na kula samaki waliokwama kwenye mitaro, mimi hucheka nao, na ndani yangu kinu kinanyamaza. Walikuwa wamekubali, nami nikawanyang'anya. Baba yangu alikuwa na shaka, na shaka hiyo ilikuwa na upande mmoja wa kupumzikia, nami nikaufunga kwa skrubu.

Ramadhani iliyopita nilimwambia. Tulikuwa tumefuturu, Hooyo ameenda kuswali tarawehe, yeye amebaki kwa sababu ya magoti. Nilimwomba msamaha. Hakuelewa kwanza ninaomba msamaha wa nini. Ilinibidi nisimulie yote, kioo cha wanja, dumu, kelele zangu. Alisikiliza akimenya chungwa, akanipa vipande, kama anavyofanya bado ingawa nina watoto.

"Usingelipata tundu lile wewe," alisema, "ningeendelea kulitafuta mpaka leo."

Nilishukuru. Nilitaka kuyachukua maneno hayo na kuondoka nayo. Lakini alikuwa ameacha kumenya, akitazama pale karibu na tangi ambapo sasa kuna mbuzi.

"Na ungependelea hivyo, Aabo?" nilimuuliza. "Kuendelea kutafuta?"

Hajawahi kunidanganya, na hakuanza siku ile.

"Kuna siku, aabo," alisema. "Kuna siku, ndiyo."